Marehemu Dekha Ibrahim wa Wajir na Elimu ya Sulhu

Desturi ya darasa letu ni kusoma habari za watu walioacha vitabu. Twasoma tarehe ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kwa kuwa maandishi yake ya Sahifa na ya Al-Islah yangaliko na yaweza kufunuliwa na kusomwa. Twasoma habari za watungaji wa tenzi, kwa kuwa tenzi zao zingali zimehifadhiwa majumbani. Ama mtu ambaye sehemu kubwa ya elimu yake aliiacha katika vitendo vya watu na katika mapatano ya wazee, huyo aghalabu hupita asiandikwe. Na akiwa ni mwanamke, tena wa nchi kavu ya kaskazini mashariki, ambayo wengi wetu watu wa pwani twaijua kwa ng'ombe na mbuzi wanaoletwa kutoka Garissa na kwa habari za mabomu tu, basi hupita pasi na hata kuulizwa.

Kwa sababu hiyo tumeona somo la safari hii liwe juu ya marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka wa 1964 na kufariki dunia tarehe 14 Julai 2011, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wa ng'ambo walimjua kabla yetu. Mwaka wa 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood iliyo na makao yake Stockholm, pamoja na Jaji Christopher Weeramantry wa Sri Lanka, wakulima wawili wa Kanada, Percy Schmeiser na mkewe Louise, na shirika la Grameen Shakti la Bangladesh. Na mwaka wa 2009 jimbo la Hessen la Ujerumani likampa tuzo yake ya amani. Twazitaja tuzo hizi mara moja kisha twaziacha. Tuna tabia isiyopendeza ya kutomwona mtu wetu mpaka avikwe nishani na wageni, na darasa hili halitaki kuizidishia nguvu tabia hiyo. Tulitakalo ni kujua alifanya nini, na alifundisha nini.

Hapana budi kwanza kuijua nchi yenyewe. Wilaya za kaskazini ziliingia katika Kenya huru zikiwa na jeraha. Tume ya mwaka wa 1962 ilikuta kuwa Wasomali wengi wa huko wataka kuungana na Somalia. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Disemba 1963, na kabla ya mwezi huo kwisha ikatangazwa hali ya hatari katika nchi hiyo. Vita viitwavyo vya Shifta viliendelea mpaka mwaka wa 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilikaa mpaka mwaka wa 1991. Yaani mtoto aliyezaliwa Garissa au Mandera siku ya uhuru alitimia umri wa miaka ishirini na saba angali akiishi chini ya sheria zisizomhusu mwananchi wa Mombasa wala wa Kisumu. Ndani ya muda huo yalitokea ya Garissa mwezi wa Novemba 1980, na ya Wagalla mwezi wa Februari 1984, ambapo wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege karibu na mji wa Wajir wakauawa. Serikali ilisema hapo kwanza waliokufa ni 57. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2013 iliona kuwa huenda wakakaribia elfu moja.

Basi katika mwaka ule ule wa 1991 zilipoondolewa sheria hizo, dola ya Somalia ilikuwa imekwisha anguka, na silaha zikavuka mpaka kwa wingi. Ukame ukaja ukaua mifugo. Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka wa 1992 ukaja nao, na kila ukoo ukahesabu viti. Waajuran, Wadegodia na Waogaden, ambao wote ni Waislamu na husali katika safu moja, wakageuziana bunduki. Hapo ndipo yaanzapo mambo ya Dekha.

Usiku mmoja risasi zilikuwa zikipita karibu na nyumba yake. Alimchukua mwanawe wa kwanza akajificha naye uvunguni mwa kitanda kwa muda wa saa kadhaa. Kulipokucha, mama yake alimkumbusha kuwa yeye naye, katika miaka ya sitini, alimficha Dekha mchanga uvunguni mwa kitanda namna ile ile. Ni maneno machache ya mama mtu mzima. Lakini yalimfanya Dekha aone kuwa yale yaliyowapata hayakuwa ajali ya usiku mmoja. Yalikuwa ni urithi, na yeye alikuwa akimrithisha bintiye bila ya kukusudia.

Tazameni sasa alipoanzia, kwani hapa ndipo penye elimu. Hakuanzia kwa mkutano wa hadhara wala kwa kuwaonya watu juu ya ubaya wa fitina, ijapokuwa maonyo yalikuwa haki. Yeye na wenzake, wanawake wasiozidi kumi na wawili, waliotoka katika koo mbalimbali, na ambao mazungumzo yao ya mwanzo yalikuwa ya harusini, walijiuliza ni jambo gani walilo nalo mikononi mwao. Jawabu likawa ni soko. Vita vilikuwa vimekwisha ingia sokoni: mwanamke wa ukoo huu hakuuziwa na wa ukoo ule, na mwingine alizuiwa hata kufika. Wakakubaliana kuwa soko la Wajir liwe salama kwa kila mwanamke, wa ukoo wowote, anunue na auze. Wakaweka wenzao wa kuangalia kila siku; pakitokea ugomvi, huenda mara moja wakauzima kabla haujafika kwa wanaume. Nia yao haikuwa kuvimaliza vita. Walitaka watoto wapate chakula.

Haya twaweza kuyadharau kwa haraka, tukasema ni mambo ya mboga na maziwa. Lakini yafikirini vema. Katika desturi za Wasomali, mwanamke huzaliwa katika ukoo mmoja na huenda akaolewa katika mwingine. Koo mbili zikipigana, upande mmoja yuko baba yake na ndugu zake, na upande wa pili wako mumewe na wanawe. Ushindi wowote kwake ni msiba. Watu wa namna hii ndio wanaoijua hasara ya vita pande zote mbili, nao ndio wasiohesabiwa barazani. Dekha alimhesabu huyu asiyehesabiwa, na soko likawa ni mahali pa kwanza pa amani katika mji.

Hatua ya pili ilikuwa ngumu zaidi, nayo ni kuwafikia wazee. Wanawake wale walijua kuwa mzee wa ukoo mkubwa akisimama kuita sulhu, koo nyingine zitasema ana hila. Na ukoo mkubwa nao hautamkubali mzee wa hasimu wake. Basi walimtafuta mzee wa ukoo mdogo kuliko zote, ambao haukuwa tishio kwa mtu, wakamwomba awe ndiye msemaji. Wazee walipokutana, mzee huyo ndiye aliyewauliza vita hivi vyamnufaisha nani, ilhali jamaa zao wote wanateketea. Twaona huu ni ufahamu mkubwa wa mambo ya watu. Sisi katika mabaraza yetu humtafuta mwenyekiti kwa ukubwa wa mlango aliotoka, kisha twastaajabu baraza likivunjika. Mkutano wa wazee mwaka wa 1993 ulitoa mapatano yaitwayo Azimio la Al-Fatah, yenye kanuni za mwenendo na za namna ya kuyakata mashauri ya damu na ya mifugo, na koo zikayatia mkono.

Wakabaki vijana wenye bunduki porini. Hao walipoendewa waliuliza swali la haki: tukiziweka silaha, tutakula nini? Wapo wahubiri wengi ambao swali hili hawalipendi, kwa kuwa hulifanya somo la amani kuwa ni somo la fedha. Wanawake wa Wajir hawakulikwepa. Waliwaendea matajiri na wenye maduka, wakawaonyesha kuwa mji usio na amani hauna biashara, na matajiri wakasaidia vijana wapate kazi. Mwaka wa 1995 juhudi hizi zote, za wanawake, za wazee, za vijana na za serikali, ziliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ambayo Dekha alikuwa katibu wake. Namna hiyo ya kamati ikaigwa baadaye katika wilaya nyingine nyingi za Kenya.

Huenda msomaji akauliza: hayo ni matendo, na elimu yake iko wapi? Elimu yake iliandikwa pia. Mwaka wa 1998 alikwenda kufundisha katika taasisi moja ya Birmingham, Uingereza, inayosomesha watu wa nchi mbalimbali kazi ya usuluhishi, na mwaka wa 2000 kikatoka kitabu cha Kiingereza kiitwacho Working with Conflict, alichokiandika pamoja na Simon Fisher, Jawed Ludin, Richard Smith, Steve Williams na Sue Williams. Ni kitabu cha mazoezi, ambacho mafundi wa kazi hiyo wamekitumia katika nchi nyingi. Tutataja mazoezi yake mawili kwa maneno yetu wenyewe na kwa mifano yetu.

La kwanza ni mti. Watu wanaogombana huitwa wakae, wauchore mti mmoja. Shina ni ule ugomvi wenyewe, matawi ni madhara yake, na mizizi ni sababu zake. Kila mtu huandika aonavyo na hubandika mahali anapoona panafaa. Kwa mfano wa Wajir: shina ni mapigano ya koo, matawi ni nyumba zilizochomwa, mayatima, soko lililofungwa, na mizizi ni visima na malisho, viti vya bunge, bunduki za kutoka Somalia, na ile miaka ishirini na saba tuliyoitaja. Faida ya zoezi hili huonekana pale watu wawili wanapobishana. Mmoja aliita umaskini kuwa ni tawi, mwingine akaita kuwa ni mzizi. Na katika kubishana huko huanza kusikilizana, kwa kuwa sasa wote wawili wanautazama mti, hawatazamani wao kwa wao.

La pili ni kitunguu. Ganda la juu ni lile tulisemalo hadharani kuwa twalitaka. Chini yake ni maslahi, yale tuyatakayo kwa kweli. Na katika kiini ni haja, yale ambayo hatuwezi kuishi bila ya kuyapata. Nasi hatuna haja ya kwenda Wajir kutafuta mfano. Chukueni msikiti wowote wa mtaani uliogawanyika makundi mawili. Ganda la juu husema: hatumtaki imamu huyu, visomo vyake si sawasawa. Limenyeni ganda hilo, na aghalabu mtakuta maslahi: ni nani ashikaye daftari ya wakfu na kodi za maduka. Limenyeni na hilo, mtakuta kiini, nacho ni kundi la watu waliohamia mtaa ule tangu zamani, na ambao mpaka leo hawajaitwa hata mara moja katika shauri la msikiti, nao wataka wahesabiwe kuwa ni watu. Mkiwajibu watu hawa kwa hoja za visomo, hata hoja zenu zikiwa ni nzuri namna gani, mmejibu ganda.

Mwenye kuyasoma mazoezi haya ataona kuwa si mageni sana kwetu. Mwanachuoni wa fiqhi naye hufundishwa kutazama illa ya hukumu, asisimame katika umbo lake la nje. Lakini tumeiacha desturi hiyo ndani ya vitabu vya twahara na biashara, hatukuitoa nje tukaitumia katika magomvi yetu.

Yaliyobaki katika mafundisho yake ni yale ambayo hayakuchorwa kwa mti wala kwa kitunguu, nayo ni kujihesabu nafsi. Dekha alikuwa mchamungu, na hakuficha, mbele ya Waislamu wala mbele ya wasio Waislamu, kuwa dini yake ndiyo chimbuko la kazi yake. Alishikilia kuwa mpatanishi hana budi kuanza na nafsi yake. Sote tuliosoma madrasa twazijua daraja tatu za nafsi: iamrishayo maovu, ijilaumuyo, na iliyotulia. Tulizihifadhi tukiwa watoto, tukazitia katika mlango wa ibada. Mtazameni sasa mtu anayekwenda kusuluhisha kati ya ukoo wake na ukoo uliowaua jamaa zake. Nafsi ya kwanza itamwambia awapendelee walio wake. Na asipokuwa na ile ya pili ya kumlaumu, atapendelea naye asijue kuwa amependelea. Kwa mtu huyu somo la nafsi ni chombo cha kazi, kama mizani kwa muuza dhahabu.

Wako waliopinga, na wengine wangali wakipinga, kuwa mwanamke asimame katika mambo ya damu na ya wazee. Katika Wajir yenyewe neno hilo lilisemwa. Sisi hatuoni haja ya kulijibu kwa maneno marefu. Siku ya Hudaybiyya, mwaka wa sita wa Hijra, masahaba walipolemewa na uzito wa mapatano yale hata wakachelewa kutekeleza amri, aliyetoa shauri lililolifungua fundo ni Bibi Ummu Salama, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie: kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyoe. Akatoka akafanya hivyo, na watu wakamfuata. Mwenye kusema kuwa sulhu si kazi ya wanawake, hadithi hii ameiweka wapi? Sheikh Al-Amin alipowahimiza watu wa pwani wawasomeshe binti zao katika miaka ya thelathini ya karne iliyopita, wako walioona ni uzushi. Leo wajukuu wa waliopinga ndio waalimu na waganga wetu.

Kenya nzima ilimhitaji Dekha mwishoni mwa mwaka wa 2007, uchaguzi ulipoharibika na watu wakaanza kuchinjana. Yeye na wenzake wanne, Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na George Wachira, waliunda jumuiya ya wananchi wanaojali amani, wakafungua mlango katika hoteli moja ya Nairobi, na kila siku asubuhi mtu yeyote aliruhusiwa kuingia na kutoa shauri lake. Majenerali wawili, balozi mmoja, na mwanamke wa Kisomali mwenye hijabu kutoka Wajir. Elimu iliyoanzia penye maziwa na mboga ilifika hapo.

Tusipitishe mpaka katika kusifu. Amani ya Wajir haikuwa amani isiyovunjika. Koo za kaskazini zimepigana tena baada ya hapo: Wagarre na Wamurule katika Mandera mwaka wa 2004 na 2005, Wagarre na Wadegodia kati ya mwaka wa 2012 na 2014. Na kamati zenyewe, zilipokuwa za serikali na kuenea nchi nzima, mahali pengine ziliingiwa na watu wanaotazamia posho ya kikao kuliko kikao. Wale wanawake wa soko hawakuwa na posho. Kazi hii, kwa tuionavyo, ni kama kisima cha jangwani: kisipozolewa mchanga kila msimu hufukiwa, na aliyekichimba hana lawama.

Marehemu alipatwa na mauti katika njia ya kazi hiyo hiyo. Mwezi wa Julai 2011 alikuwa akisafiri kwenda Garissa katika mkutano wa amani, gari likapata ajali. Mumewe na dereva walikufa hapo hapo. Yeye alipelekwa Nairobi, akaishi siku chache, akafariki akiwa na umri wa miaka arubaini na saba.

Kwa darasa lijalo, Mungu akipenda, tutasoma juu ya Azimio la Modogashe la mwaka wa 2001, lililofungwa na wawakilishi wa Garissa, Wajir, Mandera na wilaya za jirani. Humo waliafikiana juu ya malisho, wizi wa mifugo na silaha, na wakaiweka diya ya mwanamume kuwa ngamia 100 na ya mwanamke ngamia 50. Jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne wamesema kuwa diya ya mwanamke ni nusu; wako wa zama hizi walioona vingine, na kila upande una dalili zake. Twawaomba wanadarasa waje wamezisoma dalili za pande zote mbili, na mabibi wanaohudhuria nyuma ya pazia nao walete majibu yao kwa maandishi, yatasomwa pamoja na ya wanaume.